SOMO: Betri ya pikipiki imekata moto na familia ishavaa helmeti

Wakuu salama? Jumamosi tulikua tunatoka Dar kwenda Bagamoyo, mimi na wife kwenye yangu, shemeji na dogo kwenye yake, saa 12 asubuhi nabonyeza selfu inalia tk tk tk, kimya.

Cha kwanza acha kubonyeza, unamalizia kamoto kalikobaki. Piga honi, ikilia kama mbuzi mgonjwa betri imeisha, kama hamna hata taa cheki fyuzi na vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe osha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani. Kufungua anza na hasi, kurudisha anza na chanya.

Pili piga kiki, za kabureta nyingi zinawaka hivyohivyo. Haina kiki? Gia ya pili, bana klachi, shemeji asukume, ikichanganya achia ghafla, ikishika bana tena fasta. Kubusti na betri ya gari ruksa, zote ni volti 12, ila gari liwe limezimwa.

Sasa hapa ndo tunaliwa hela, imewaka mtu anakimbilia betri mpya. Azima mita ya kupima volti kwanza, gusisha kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa inaunguruma vuta mafuta kidogo, isome volti 13.5 mpaka 14.5. Ikigoma kwenye 12 haichaji, tatizo koili (inayozalisha umeme kwenye injini) au rektifaya (inayougeuza uweze kuchaji betri), hata hiyo mpya itakufia njiani. Yangu ilisoma 14.1, kumbe dogo alikua anachezea indiketa usiku akaacha swichi on 😂 tukaondoka saa 2.

MASWALI

— Mkuu yangu ya maji, niongeze asidi?
Hapana, kinachopungua ni maji, weka maji ya betri mpaka mstari wa juu. Zile zilizozibwa usifungue.

— Nilipeleka kwa wanaochaji betri za magari, ikavimba.
Walikuwekea moto mkubwa. Betri ya ampea 5 inataka kama 0.5 hivi, iachwe hata masaa 10.

— Yangu injeksheni, tumesukuma mpaka jasho.
Hiyo pampu ya mafuta inataka umeme, betri ikifa kabisa utasukuma mpaka Bagamoyo. Busti tu.

— Nikipakia wife na watoto wawili betri itahimili?
Betri haijui mko wangapi, trafiki ndo anajua. Mishikaki hapana mkuu, tafuta pikipiki ya pili au pandeni daladala.