Kabla hujachomelea sensa ya kugusa, angalia haya kwanza

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaochezea Arduino na ESP32, zile bodi ndogo za kuprogramu, hii nawaandikia kwa sababu nimeona vijana wengi wananunua sensa ya kugusa, wanaichomelea siku hiyohiyo, mezani inafanya kazi vizuri kabisa, halafu ikishafungwa mahali pake inaanza kujiwasha yenyewe usiku, mtu anasema nimeuziwa kimeo. Mara nyingi sensa haina kosa lolote. Ile bodi ya sensa inapima kapasitansi (uwezo wa kubeba chaji ya umeme) ya kibati chake na kila kilicho karibu nacho, kidole chako kinaongeza pikofaradi chache tu, yaani kiasi kidogo sana, sasa unyevu nao unaongeza, waya mrefu nao unaongeza, kwa hiyo kabla hujatoa hela yako jua kwanza itakaa wapi.

Yangu ya kwanza niliifunga barazani kwa mama mdogo, Shangani, ili awashe taa bila kupapasa swichi gizani. Ilikuwa TTP223, ile ndogo ya kidole kimoja, nimeibandika nyuma ya kifuniko cha kopo la plastiki. Wiki mbili safi, mvua za Desemba zikaingia, matone yanateremka juu ya kifuniko na taa inawaka inazima inawaka, saa nane usiku simu inaita: "Mwanangu, kesho njoo utoe hiki kidude chako." Kufungua nikakuta pini zimeshaota ukijani, hewa ya chumvi hiyo. Nikaihamishia ndani kidogo chini ya paa, nikakisimamisha kifuniko wima maji yasitulie, na bodi mpya nikaipaka rangi ya kucha ile isiyo na rangi, mara mbili, nikaacha pini za kuchomeka tu na nikangoja ikauke kabisa ndo nikawasha. Ukiwa Masasi au Newala chumvi haikuhusu sana, lakini mvua inakuhusu.

Umeme sasa. Chaja za simu za bei chee zina kelele nyingi kwenye umeme wake na sensa inazisikia kama kidole, so kabla hujaanza kuhangaika na kodi ya programu jaribu chaja nyingine kwanza. Pawabenki ni safi zaidi ila nyingi zinajizima zenyewe zikiona mzigo mdogo, na ukijaribia kwenye pawabenki sensa inaweza kuwa nzito kujibu kuliko ikiwa kwenye chaja ya ukutani, kwa hiyo jaribu na umeme uleule itakaotumia siku zote. Halafu volti: TTP223 inakubali 2 mpaka 5.5, haina neno, ila chipu ya MPR121, ile ya vidole 12, mwisho wake ni 3.6. Soma kilichoandikwa kwenye pini za bodi yako, kama ni 3.3 usiipe 5 ya Arduino Uno, itakufa kimya kimya hata moshi huoni.

Na kama unahitaji kitufe kimoja au viwili na tayari una ESP32 ile ya kawaida, ngoja kununua, ina pini 10 za kugusa ndani yake, unatumia amri ya touchRead na namba inashuka ukigusa (kwenye ESP32-S2 na S3 inapanda, usije ukakopi kodi ya mwenzio ukashangaa). Pini 0, 2, 12 na 15 ziache, zinasomwa wakati bodi inawaka.

Kibati cha kugusia: foili ya kupikia inafaa ila risasi haishiki kwenye alumini, ibane kwa klipu au skrubu, au tafuta tepu ya shaba. Waya uwe mfupi, na uugandishe usicheze, maana waya ukisogea na kipimo kinasogea.

Hili wengi hawalijui: sensa hizi zinajipima upya kila zinapowaka. Sasa fikiria umeme umekatika, umerudi, na muda huohuo kuna mkono au sufuria juu yake, itaona hiyo ndo hali ya kawaida, ukigusa haijibu mpaka itulie. Kwa hiyo isikae mahali watu wanaweka vitu, na amua mapema umeme ukirudi taa iwake au ibaki imezima. Kwa MPR121 laibrari ya Adafruit (kodi iliyoandikwa tayari) inaanza na vizingiti, yaani kipimo kibadilike kiasi gani ndo ihesabu, 12 kugusa na 6 kuachia, usizibadilishe mezani, zibadilishe ikiwa tayari ndani ya boksi lake na kifuniko chake.

Vifaa vingi tunaagiza Dar vinakuja na basi, agiza sensa 3 hata kama unataka 1, nauli ya kipaseli ni ileile. Na upande wa umeme wa ukutani kwenye rilei, ile swichi ya kuwasha taa inayoendeshwa na bodi, kama hujawahi kuufunga, muite fundi umeme, hapo sina utani kabisa.

Mwisho, kabla hujabana skrubu, loweka kitambaa kwenye maji yenye chumvi kidogo, kikamue, pitisha juu ya kifuniko taratibu huku unaangalia taa. Ikiwaka, kwa MPR121 ongeza kizingiti, au weka kifuniko kinene kidogo, rudia. Ikikaa kimya, futa, kausha, gusa kwa kidole ikajibu, bana.