Somo: Kumuunda joka wa msituni, kuanzia tumboni hadi motoni

Nimesoma hadithi za majoka ambazo wanachama mmenitumia. Karibu kila joka ana urefu wa basi, anatema moto kuanzia ukurasa wa kwanza, na hakuna hata mmoja niliyemwona akila. Sasa jitu lile linaishi msituni kwa kula nini? Leo tuunde mmoja pamoja. Namweka katika msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, Tanzania, na nampa jina la joka-ukungu.

Hatua ya 1: Msitu kwanza, joka baadaye

Magamba ni msitu wa mlimani. Kuna ukungu, kuna mikulo, ile miti mikubwa ya mlimani, mirefu kweli, na Juni na Julai baridi yake si ya kuchezea. Joka wangu ana damu baridi kama kinyonga, hivyo joto lake hulipata juani, na chini ya miti ile jua ni la kubahatisha. Kwa hiyo kila asubuhi lazima apande hadi kileleni mwa miti, ajitandaze kama kanga iliyoanikwa, angoje. Kabla ya saa nne hivi ni mzito, hata mtoto anaweza kumpita akaenda zake. Umeona? Hujaandika tukio lolote na tayari hadithi ina saa ya hatari na saa ya usalama.

Hatua ya 2: Mpime

Hapa ndipo wengi mnaponikimbia. Ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu bila kubadili umbo, eneo la mabawa huongezeka mara nne, lakini uzito huongezeka mara nane. Tandawala mkubwa, ambaye dume lake hufika kilo 18 hivi, ni miongoni mwa ndege wazito kabisa wanaoruka duniani, na hata yeye hupenda zaidi kutembea.

Halafu hesabu viungo. Bawa la ndege ni mkono, la popo pia ni mkono. Joka wa miguu minne na mabawa mawili ana viungo sita, na hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo aliyejengwa hivyo. Njia ya kutokea ipo: mijusi wa jenasi Draco, wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mbavu zao huchomoza ubavuni na kukunjua ngozi kama mwavuli, na mjusi huelea kutoka mti hadi mti huku miguu yake minne iko palepale. Nimeiba mpango huo mzima. Joka-ukungu haruki, anaelea, na ana kilo 5. Chekeni tu.

Hatua ya 3: Chakula

Mtambaazi huhitaji takriban sehemu moja ya kumi ya chakula cha mamalia wa uzito uleule. Panya, vifaranga, mayai na vinyonga vinamtosha. Mbega amwachie tai.

Hatua ya 4: Sasa moto

Mnyama anayechoma msitu anamoishi atalala wapi? Mwangalie mbawakawa mmoja mdogo, ambaye jamaa zake wako Afrika Mashariki pia. Tumboni ana vifuko vyenye mchanganyiko wa kemikali mbili, haidrokwinoni na haidrojeni peroksidi. Akishikwa, anausukuma kwenye chumba chenye vimeng'enya vya kuuchochea, na mchanganyiko unafyatuka nje ukikaribia nyuzi joto 100, kwa mlio kabisa. Joka-ukungu anafanya hivyohivyo, ila kwa mdomo. Dawa ikiisha, inabidi asubiri itengenezwe upya, na hapo ana hofu kama wewe.

Hatua ya 5: Mayai

Kenge wa mtoni huchimba kichuguu wakati mvua imekilainisha, hutaga humo, kisha mchwa wenyewe huziba tundu na joto linabaki la kadiri. Yaya wa bure! Joka wangu hutaga wakati wa vuli.

Maswali ya wanachama

Mwanagenzi: Mkuu, joka wa kilo tano atamtisha nani?

Jibu: Swila ana kilo ngapi, na mbona tunamkimbia? Anatema sumu akilenga macho. Sasa mpandishe juu ya kichwa chako, mwondolee sauti, na sumu iwe inachemka.

Bi Mkulo: Na watoto wake wanaishi wapi?

Jibu: Swali zuri, nililiruka. Watoto wa joka wa Komodo hukaa mitini kwa sababu wakubwa, wanaoishi chini, huwala. Kwangu wakubwa wako juu, basi watoto wajifiche chini kwenye majani makavu. Mhusika wako anaweza kumkanyaga mmoja.

Mlimani: Anaongea?

Jibu: Ningemnyima maneno. Kinyonga hubadili rangi kwa hasira, kwa posa na kwa baridi, si kwa kujificha tu. Rangi zinatosha, na mwindaji mzee ajue kuzisoma.

Mwanagenzi: Lakini wangu lazima ambebe mtoto wa mfalme mgongoni.

Jibu: Basi sema ni uchawi, usieleze, nami nitasoma kwa furaha. Ila usije ukaniambia katika sura ya saba kwamba ameanguka kwa sababu mtoto wa mfalme amenenepa.