Jinsi ya kumarineti (kulaza kwenye viungo) steki ya taco za Kimeksiko bila kuiua nyama na ndimu

Ukisikia nyama ya taco, zile chapati ndogo za mahindi zinazokunjwa na nyama ndani, imeharibika basi mara nyingi ni ndimu, na sio ndimu yenyewe bali muda. Mtu anakamua ndimu 6, anamwagia nyama, anaiacha mpaka kesho yake mchana, afu anashangaa mbona imekuwa ya kijivu, juu inamong'onyoka kama unga uliolowa na ndani haina ladha yoyote. Asidi haifiki mbali ndani ya nyama, inaishia juu juu tu, milimita chache, na hapo hapo ilipoishia inaendelea kula kadri unavyoiacha. Kinachoingia ndani kweli ni chumvi. Ukilijua hilo tu umeshamaliza nusu ya kazi.

Tuanze na nyama. Kwa carne asada, yani ile nyama ya kuchoma ya kuweka kwenye taco, Wameksiko wanapenda sana arrachera, ni ile misuli ya kiwambo inayotenganisha kifua na tumbo la ng'ombe, ndefu, nyembamba, nyuzi zake unaziona kwa macho kabisa. Ukiikosa chukua ya ubavuni upande wa tumbo, nayo ina nyuzi ndefu na inafanya vizuri tu. Fileti we iache, ile ni laini tayari na haina ladha kali ya nyama, sioni sababu ya kuihangaisha. Mwambie muuza nyama akutolee ule utando mweupe wa juu, maana ule viungo havipiti na ukifika motoni unajikunja na kuvuta kipande chote kinakunjamana.

Sasa chumvi. Kwa kilo 1 ya nyama weka gramu 15, kama vijiko viwili na nusu vya chai vya chumvi laini, ipake pande zote na uiache kwenye friji saa moja au zaidi kabla ya kitu kingine chochote. Utaona nyama inatoka majimaji, usiyafute, yaache, baada ya muda chumvi inayeyuka humo na nyama inayavuta tena yakiwa na chumvi. Kama baadae unataka kuweka soya sosi vijiko viwili vya chakula, basi punguza chumvi kijiko kimoja cha chai la sivyo utakula bahari.

Wakati inapumzika tengeneza viungo. Mi nasaga kwenye blenda kitunguu saumu punje 6, pilipili halapenyo mbili (toa mbegu kama hutaki kuwaka), fungu dogo la giligilani pamoja na vijiti vyake maana ladha iko huko, juisi ya chungwa moja, juisi ya ndimu mbili, binzari nyembamba kijiko cha chai ambayo nimeikaanga kavu kidogo mpaka inanukia, majani makavu ya oregano kijiko cha chai, pilipili manga, na mafuta vijiko vitatu vya chakula. Mafuta usiyaruke, harufu nyingi za viungo zinayeyuka kwenye mafuta na sio kwenye maji, na pia yanasaidia nyama isigande kwenye wavu. Sukari au asali mi siweki, moto wa taco ni mkali na sukari inaungua kabla nyama haijapata rangi, utamu wa chungwa unatosha. Kabla hujagusanisha na nyama chota vijiko kadhaa weka pembeni, vitakufaa mwishoni.

Wapo watakaokuambia hayo yote ni mbwembwe, na sio waongo sana. Sonora, kaskazini mwa Meksiko, ambako nyama ya kuchoma ni heshima, wengi wanatia chumvi tu na kuchomea mkaa wa mti wa mesquite basi. Ukiwa na nyama nzuri na mkaa mzuri jaribu hivyo siku moja.

Mimina viungo juu ya nyama kwenye bakuli la kioo au mfuko wa plastiki wa zipu, toa hewa ili nyama yote iguse viungo. Sufuria ya alumini hapana, asidi inaishambulia na nyama inachukua ladha ya chuma. Weka friji, usiache juu ya meza. Muda: saa 2 mpaka 4 inatosha kwa kipande chembamba, na kama ni lazima ilale usiku basi weka kila kitu isipokuwa ndimu, ndimu utaitia kesho nusu saa kabla ya kuchoma. Na kuna watu wanaongeza papai bichi au nanasi ili ilainike, hayo yana vimeng'enya vinavyokata protini, vina nguvu kuliko ndimu, ukisahau kidogo tu nyama inageuka uji, kwa kipande chembamba mi sioni haja.

Hapa ndo wengi wanapoteleza: nyama inatoka kwenye viungo moja kwa moja kwenda motoni ikiwa inachuruzika. Itoe, kung'uta majani na vitunguu saumu vilivyonata, ikaushe kwa tishu za jikoni mpaka ukiigusa kidole hakitoki na maji. Maji lazima yakauke kwanza ndio nyama ianze kupata rangi, ukisikia kikaango kinatokota badala ya kuchachatika ujue unachemsha nyama. Mkaa uwe mwekundu haswa au kikaango cha chuma kianze kutoa moshi, weka nyama usiichezee, dakika 2 mpaka 3 kila upande kwa kipande cha sentimita moja na nusu. Kama una kipimajoto, digrii 54 mpaka 57 za Selsiasi ndani bado ina upinki, ila mamlaka za chakula za Marekani zinashauri ifike 63 kisha ipumzike dakika 3, chagua mwenyewe.

Iache ipumzike dakika 5 kwenye ubao. Afu angalia nyuzi zinaelekea wapi na ukate kwa kuzikatiza, sio kuzifuata, hata nyama iliyomarinetiwa vizuri ukiikata kufuata nyuzi utatafuna kama kamba. Vipande vidogo vidogo, ukubwa wa dengu mbili tatu hivi, uvichanganye na juisi iliyotoka ubaoni na ule mchanganyiko uliouweka pembeni. Yale yaliyobaki kwenye bakuli la nyama mbichi mwaga, au yachemshe yatokote kabisa kabla ya kuyatumia.

Tortila, yani zile chapati nyembamba za mahindi, zipashe kwenye kikaango kikavu mpaka ziwe laini na zina madoa, weka mbili mbili kama ni nyembamba zisipasuke. Nyama, kitunguu maji kibichi kilichokatwa kidogo sana, giligilani, salsa (sosi ya nyanya na pilipili), na kipande cha ndimu pembeni kila mtu ajikamulie. Jibini na letasi mi naziacha, zinafunika nyama uliyoihangaikia. Kilo 1 inatoa kama taco 15 hivi, na ikibaki inakaa friji siku 3, ipashe kwenye kikaango cha moto mkali haraka haraka maana ukiichelewesha inakauka.