Programu uliyopakua imezuiwa? Jua kwanza ni kizuizi kipi

Umepakua programu, umeibofya mara mbili, na badala ya kuanza kusakinishwa linatokea dirisha la bluu: "Windows protected your PC". Wengi hapo hukimbilia kuzima antivirusi. Usiizime. Windows 10 na 11 zina vizuizi kadhaa tofauti, kila kimoja kina ujumbe wake, na vingi vinaweza kufunguliwa kwa faili moja tu, ulinzi wa kompyuta nzima ukibaki palepale.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha faili ni lile lile lililotoka kwa mtengenezaji. Watengenezaji wengi makini huweka kwenye tovuti yao msimbo wa SHA-256, mfuatano wa tarakimu na herufi 64. Fungua folda yenye faili, andika cmd kwenye upau wa anwani ulio juu ya folda, bonyeza Enter, kisha andika:

certutil -hashfile setup.exe SHA256

Badala ya setup.exe weka jina la faili lako. Linganisha jibu na msimbo wa kwenye tovuti. Herufi moja ikitofautiana, ama faili halikufika zima, ama ni toleo jingine, ama limechezewa. Lifute, upakue upya. Kama hakuna msimbo, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Properties" na utafute kichupo cha "Digital Signatures". Jina lililoandikwa humo liwe la mtengenezaji unayemjua. Kichupo kisipokuwepo, programu haina sahihi ya kidijitali. Peke yake hilo si ushahidi wa ubaya, maana watengenezaji wadogo wengi hawalipii cheti, lakini hapo chanzo ulikolitoa faili ndicho kinachobaki kukuambia ukweli.

Sasa turudi kwenye dirisha la bluu. Hiyo ni SmartScreen, kinga ya Windows inayokagua programu zilizotoka intaneti, na mara nyingi haisemi kwamba imekuta virusi. Inasema haiifahamu programu hiyo: pengine ni toleo jipya ambalo watu wachache wamelipakua. Bofya "More info", soma mstari wa "Publisher", na ukiridhika bofya "Run anyway". Kitufe hicho kisipoonekana kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule, msimamizi wa mtandao amekiondoa kwa sera, na ni yeye wa kumwomba.

Chanzo cha ulinzi huu ni alama ndogo ambayo kivinjari hubandika kwenye faili lililotoka intaneti. Inaitwa Zone.Identifier na ndani yake kuna mstari ZoneId=3, yaani "limetoka nje". Ukiishajiridhisha na faili, unaweza kuibandua mwenyewe: "Properties", kichupo cha "General", weka tiki kwenye "Unblock" chini kabisa, kisha "OK". Kama ulichopakua ni zip, fanya hivyo kwenye zip yenyewe kabla ya kuifungua. Ukiifungua kwanza kwa Windows, alama hurithiwa na mafaili ya ndani, na utabaki ukiyaondolea moja baada ya jingine.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana kwetu tunaopeana programu kwa flashi. Flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haiwezi kubeba alama hiyo. Faili likipita humo linafika likiwa halina alama, na SmartScreen inaweza isiseme kitu. Ukimya huo si cheti cha usalama. Faili la flashi ndilo linalohitaji kukaguliwa zaidi.

Ujumbe ukisema programu haijathibitishwa na Microsoft, nenda "Settings", "Apps", na utafute "Choose where to get apps". Weka "Anywhere", sakinisha, kisha rudisha ilivyokuwa. Ila kompyuta ikiwa kwenye S mode, yaani hali ya Windows inayokubali programu za Microsoft Store pekee, mpangilio huo hautasaidia. Kutoka S mode ni bure kupitia Microsoft Store, lakini ukishatoka huwezi kurudi tena.

Smart App Control, kinga ya Windows 11 inayozuia programu isizoziamini, ni ngumu zaidi: haina njia ya kuruhusu programu moja peke yake. Tafuta toleo lenye sahihi, au lile la Microsoft Store.

Faili likitoweka mara tu baada ya kupakuliwa, hilo ni suala jingine kabisa: huenda antivirusi ya Windows imeliondoa. Fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", kisha "Protection history". Ukikuta neno Trojan, yaani programu hasidi iliyojificha kama programu ya kawaida, liache faili huko huko. Na maelekezo yoyote yanayoanza na "zima antivirusi kwanza", hasa ya programu za kulipia zilizovunjwa ufunguo, yaache.

"This app can't run on your PC" kwa kawaida haihusu usalama. Ama umepakua toleo la 64-bit kwa Windows ya 32-bit, ama bando lilikatika katikati. Linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kwenye tovuti.

Kwa wenye Mac: kuanzia macOS Sequoia ya 2024, ile njia ya kushika Control na kuchagua "Open" haipiti tena kizuizi. Jaribu kuifungua programu mara moja, bofya "Done" (siyo "Move to Trash"), kisha nenda "System Settings", "Privacy & Security", shuka chini hadi "Open Anyway". Kitufe hicho hukaa kwa takriban saa moja tu tangu ulipojaribu. Kikiwa kimeondoka, ijaribu programu tena, nacho kitarudi.