Kabla hujanunua nailoni ya kitalu, yajue maji yako

Mtu akiniambia anataka kupanda zabibu kwenye kitalu nyumba hapa Bagamoyo, simuulizi mtaji wala aina ya mche. Namuuliza maji atayatoa wapi. Dodoma, zinakotoka zabibu zetu nyingi, bahari iko mbali. Sisi tunachimba visima jirani na watu wanaovuna chumvi.

Ulimi usiuamini. Mtu wa Kaole aliyekulia kisima chake atakuapia kuwa maji ni baridi, yaani hayana chumvi, kumbe ameyazoea tu. Nunua kipima EC cha mkononi (EC ni kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, nayo inapanda), au peleka chupa ya maji maabara. Maji yenye EC ya 1 (kwa kizio cha dS/m), yaani takriban gramu 0.64 za chumvi kwa lita, mzabibu unayastahimili bila mavuno kushuka. Yakifika 2.7, tarajia kupoteza kama robo ya mavuno. Yakifika 4.5 umebaki na nusu, na hapo sioni sababu ya kujenga.

Pima mara mbili: masika, kisha Februari. Mimi nilipima Mei tu, nikafurahi, nikajenga. Februari iliyofuata kingo za majani zikawa za kahawia, kavu kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, huku katikati ya jani bado kijani. Nikadhani ni ugonjwa, nikapiga dawa wiki mbili. Ilikuwa chumvi. Pwani maji baridi ya ardhini hukaa juu ya maji ya bahari, na ukiyavuta kwa pampu kiangazi kizima, yale ya chini yanapanda.

Tena kitalu chenyewe kinazidisha tatizo, jambo ambalo muuza nailoni hatakuambia. Shamba la nje huoshwa na masika. Mvua inashuka na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Chini ya nailoni mvua haifiki. Kila tone la mpira wa matone, ule wa kumwagilia kidogokidogo shinani, linaacha chumvi yake palepale, mpaka unaona ukoko mweupe umezunguka tundu. Kwa hiyo, hata kwa maji ya EC 1, mwagilia zaidi ya mahitaji ya mmea, kama asilimia 15 hivi, yaoshe udongo. Na lazima yapate pa kutokea. Kwenye mchanga si shida. Kwenye mfinyanzi chimba mifereji kwanza, na kama vipimo vinaonyesha sodiamu nyingi, panga bei ya jasi ya kuiondoa udongoni.

Dawa nzuri kuliko zote iko juu ya kitalu. Paa la mita 8 kwa 15 likipata mvua ya milimita 100 linatoa lita 12,000, ukitoa kinachomwagika. Funga mabomba ya kukingia mvua siku ileile unayofunga nailoni, na uweke tenki. Maji ya mvua karibu hayana chumvi, hivyo kisima chenye EC 2 ukikichanganya nusu kwa nusu unarudi kwenye 1. Kuna wanaouza vifaa vya sumaku vya kufunga kwenye bomba, eti vinatibu maji ya chumvi. Mwambie muuzaji apime EC kabla na baada, mbele yako. Sumaku haiondoi chumvi.

Kiasi cha maji nacho kina wakati wake. Mzabibu ukichipua na kuchanua usiubane. Punje zikishashika, ukipunguza maji kidogo zinabaki ndogo. Kwa mvinyo ni heri, kwa zabibu za mezani ni hasara. Zikianza kupata rangi, punguza taratibu: sukari na rangi vinakolea. Kosa kubwa ni kuukausha kisha kuufungulia maji siku chache kabla ya kuvuna, kwa tamaa ya uzito. Punje zinapasuka, nyuki na nzi wanawahi kabla ya mteja. Maji mengi pia yanaongeza unyevu ndani, na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani na punje, hapa pwani hauhitaji kukaribishwa.

Kibali cha kutumia maji kwa umwagiliaji kiombe mapema Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Chujio la mpira wa matone usilikwepe.

La mwisho ni kalenda. Mzabibu wa kwetu haulali kwa baridi. Unaamka unapoupogoa, na kutoka hapo hadi kuvuna ni kama miezi minne. Mimi sasa napogoa mwishoni mwa Mei, tenki likiwa limejaa na kisima kikiwa kitamu, nikavune Septemba kabla ya vuli. Januari na Februari naacha mizabibu ipumzike, naipa maji ya kuishi tu.