SOMO: Ofu moja Dubai, uko peke yako, mfukoni dirhamu 50

Nimechoka kujibu meseji ileile kila Alhamisi usiku: "Kaka, kesho niko ofu, sina mtu, niende wapi?" Nimejibu kwa sauti, nimejibu kwa maandishi, sasa najibu hapa. Atakayeniuliza tena nitamtumia somo hili bila hata salamu.

Somo ni la watu wa hali yangu: walinzi, madada wa kazi za ndani, watu wa usafi, watu wa ghala. Zamu ya saa kumi na mbili, ofu moja kwa wiki, na ukishatoa usingizi na kufua unabaki na saa saba au nane za kwako. Kama umekuja kutalii, soma hatua ya 5 na ya 7, halafu endelea na mambo yako.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mji huu umejengwa kwa ajili ya magari, na wanaolia kwamba "Dubai haina kitu" wengi wao walishinda njiani. Usijaribu kuona kila kitu. Chukua njia moja ya treni, ile ya kijani, ukae humo siku nzima.

Hatua ya 1. Fua, piga pasi na tuma hela nyumbani usiku wa kuamkia ofu. Ukianza siku kwenye foleni ya kutuma pesa, siku imeshaliwa.

Hatua ya 2. Kadi ya Nol, yaani kadi ya nauli ya metro na basi, ile ya rangi ya fedha (Silver). Dirhamu 25, na ndani yake unakuta 19 za kusafiria. Salio lisishuke chini ya 15.

Hatua ya 3. Kupanda metro. Hapa nilikula faini, kwa hiyo twende polepole.

Treni ina mabehewa matano na haina dereva. Upande mmoja wa treni kuna sehemu ya Gold, yaani daraja la juu, na jirani yake sehemu ya wanawake na watoto. Sakafuni na mlangoni kumewekwa alama ya rangi ya waridi, lakini mtu anayekimbilia mlango unaofungwa hatazami sakafu. Nilirukia mlango wa karibu, nikaegemea, nikatoa simu. Nilipoinua kichwa nimezungukwa na kina mama watupu, na mkaguzi ananijia na mashine yake mkononi. Hakunigombeza wala hakupaza sauti. Alinipa risiti ya dirhamu 100, akasogea kwa mwingine aliyefanya kama mimi.

Kwa hiyo:
– Wanaume, simameni upande wa pili wa jukwaa TANGU mwanzo. Treni ikija inafunga milango, iache. Nyingine iko nyuma yake.
– Ukiingia Gold na kadi ya fedha, ni 100 vilevile. Kisingizio cha "nilikuwa napita tu" wameshakisikia.
– Kula, kunywa, kutafuna jojo: 100. Hata maji. Ndiyo, hata kiangazi.
– Gonga kadi ukiingia, gonga ukitoka. Kukutwa ndani bila kadi halali ni 200.
– Ukitoka kwenye metro ukapanda basi ndani ya nusu saa, inahesabika safari moja. Ukikaa kituoni kupiga soga dakika arobaini, unalipa upya.
– Hili si la treni lakini liingie hapahapa: kukatisha barabara pasipo kivuko ni dirhamu 400. Usifanye kama uko Buguruni.

Zawadi ya upande wa pili wa treni: ule mwisho wa kawaida una kioo kikubwa, na kwa kuwa hakuna dereva unaona reli yote, mbele au nyuma kutegemea unaelekea wapi. Kiti cha pale ni cha bure kama vingine.

Hatua ya 4. Shuka kituo cha Al Ras, tembea hadi soko la viungo. Ukinunua zafarani au ubani, uliza bei ni ya kilo au ya gramu 100 kabla mtu hajapima, maana akishapima na kufunga anakuangalia kama wewe ndiye mwizi.

Hatua ya 5. Abra. Ukikosa yote, usikose hili.

Khor ni mkono wa bahari unaoukata mji wa zamani vipande viwili, Deira huku na Bur Dubai kule. Abra inakuvusha kwa dirhamu 1. Unampa nahodha mkononi, sarafu, basi. Ni boti ya mbao isiyo na kuta. Katikati kuna benchi refu, abiria wanakaa wamepeana migongo, miguu ukingoni, maji yako hapo chini ya viatu. Nahodha yeye amekaa ndani ya shimo katikati ya abiria, usukani mbele yake, injini ya dizeli inamtetemesha hadi mabega. Boti zinagongana kidogo zikitoka gatini na hakuna anayeshtuka.

Panda mapema uchague upande. Deira kuna majahazi ya mbao yamefungwa ubavu kwa ubavu, na gatini mzigo umerundikwa: friji, matairi, maboksi. Mtu wa Pangani kama mimi anakaa pale anatazama mabaharia wanavyofua na kupika juu ya jahazi, na saa inapita bila habari.

Na hapa ndipo upweke unakuwa na faida. Vuka, shuka, panda tena, rudi, vuka. Dirhamu 3 umesafiri mara tatu, na hakuna mwenzako wa kukuambia "twende bwana, tumeshaona". Mimi kwa kweli sitaki mtu siku ya ofu. Siku sita nalala chumba kimoja na wanaume wanaokoroma kwa lugha tano.

Hatua ya 6. Soko la vitambaa, Bur Dubai. Pita katikati, mikono mifukoni. Ukikubali kuvishwa kilemba "bure, rafiki, kwa picha tu", umeshanunua.

Hatua ya 7. Al Fahidi. Unafika kwa miguu ukifuata maji. Ni mtaa wa wafanyabiashara waliotoka Bastak, Iran, mwishoni mwa karne ya 19, ndiyo maana wazee bado wanauita Bastakiya. Kuingia bure. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na juu ya mapaa minara ya mraba, barjeel, inayokamata upepo na kuushusha chumbani. Simama chini ya mmoja halafu uniambie kama hujauhisi.

Kisha ingia nyumba yoyote iliyo wazi, utazame dari. Ni boriti. Boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na delta ya Rufiji, zikaletwa na majahazi haya haya yaliposhuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi. Chumba kilijengwa kwa upana wa boriti, kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba kama vya Lamu na Mji Mkongwe. Kabla ya viza na mawakala, sisi tulikuwa tumeshafika, tumebeba paa.

Hatua ya 8. Maktaba. Rudi kwenye metro, kituo cha Sharaf DG, endelea na kijani hadi mwisho, kituo cha Creek. Karibu na hapo kuna Maktaba ya Mohammed bin Rashid, iliyofunguliwa 2022, jengo lenye umbo la marufaa. Ghorofa saba, kuingia bure, kitambulisho mkononi. Jisajili mtandaoni kabla hujatoka kitandani. Kiyoyozi, viti vya heshima, kimya. Hata kama husomi, kaa. Mwezi wa saba hii inakuwa hatua ya saa sita mchana na abra inakuwa ya alfajiri au usiku. Serikali yenyewe inakataza kazi za juani saa 6:30 hadi 9:00 mchana, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15. Usilifanye kwa starehe jambo ambalo bosi wako amekatazwa kukufanyisha.

Hatua ya 9. Rudi mapema. Metro inakwenda hadi saa sita usiku, Ijumaa hadi saa saba, Jumapili inaanza saa mbili asubuhi. Lakini metro haikufikishi kambini tunakolala, basi ndilo linalokufikisha. Angalia saa ya basi lako la mwisho KABLA ya kitu kingine chochote.

Maswali chini. Someni kwanza.

---

Dogo_Makambako: Mkuu shukrani kwa somo. Sasa kupanda Burj Khalifa ni bei gani?

Mwandishi: Nimeitaja wapi?

Dogo_Makambako: Si nauliza tu mkuu.

Mwandishi: Na mimi nauliza tu.

Seku_wa_Quoz: Dogo, nenda ukaitazame kwa nje, bure. Ila jiandae, kutoka kituo cha metro hadi ndani ya Dubai Mall ni ujia wa mita 820, na Ijumaa jioni unatembea kwa kusukumwa.

Mama Rehema: Shikamoo kaka. Mimi niko nyumba ya watu, mwaka wa pili huu. Madam anasema ofu yangu ni kukaa chumbani tu, nisitoke. Hii ni sheria?

Mwandishi: Marahaba dada, ingawa huenda wewe ndiye mkubwa. Hapana, si sheria. Sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ni ya mwaka 2022, Amri Namba 9. Inakupa siku moja ya mapumziko kwa wiki, yenye malipo. Kila siku saa 12 za kupumzika, 8 kati ya hizo mfululizo. Pasipoti na kitambulisho unakaa navyo wewe. Ukifanyishwa kazi siku yako, unapewa siku nyingine au pesa. Malalamiko yanapelekwa wizara ya kazi, MOHRE, wana programu ya simu. Nakushauri usianze na malalamiko. Anza na ombi dogo: saa nne, unasema unakwenda wapi na unarudi saa ngapi, na unarudi saa hiyo kweli. Wengi hulegea hapo. Asipolegea, sheria bado iko palepale.

Mama Rehema: Ahsante sana. Hiyo ya pasipoti sikuwa naijua.

Mwandishi: Iandike mahali. Na siku ukitoka, behewa la waridi ni lako, kaa kwa raha zako.

Kamaa_wa_Kayole: Sasa boss, mbona usiseme watu waende Abu Dhabi? Dubai ni stress tupu.

Mwandishi: Basi la E101 linatoka Ibn Battuta, dirhamu 25 kwenda, 25 kurudi, na karibu saa mbili kila upande bila foleni. Ukiwa na ofu nzima na umelala vizuri, nenda. Msikiti wa Sheikh Zayed kuingia ni bure, unaweka nafasi mtandaoni. Ila dirhamu 50 za kichwa cha habari zimeishia kwenye basi, na hujanywa chai.

Kamaa_wa_Kayole: Hapo umeniweza.

Mzito wa Kazi: Somo refu mno. Fupisha.

Mwandishi: Kijani. Al Ras. Sarafu moja.

Abuu_Tandika: Acha uongo. Abra dirhamu 1? Mimi walinichaji 60.

Mwandishi: Ulikodi chombo kizima ndugu yangu. Wale wanaosimama nje ya kituo na kukuita "boti, boti" wanakodisha kwa watalii. Pita, ingia gatini, panda palipo na watu wamekaa wamepeana migongo. Na ukisema mtu muongo, kwanza soma risiti yako.

Abuu_Tandika: Sikupewa risiti.

Mwandishi: Sawasawa.

Mwanaisha_Lamu: Kaka, hiyo ya boriti imenigusa. Babu yangu alikuwa mkata mikoko. Walikuwa wakihesabu kwa korija, vijiti ishirini ishirini, na kila unene na jina lake: fito, pau, boriti, nguzo. Je, huko Dubai wanaeleza zilitoka wapi, au zimeandikwa "mbao" tu?

Mwandishi: Mwanaisha, swali kama hili ndilo linanifanya nisifunge maoni. Huko dari inaitwa ya chandal, ndilo jina lao la boriti hizi, na maelezo niliyoyasoma yanasema Afrika Mashariki, basi. Lamu haitajwi, Rufiji haitajwi. Korija sikuijua, ahsante. Na biashara ilikufaje upande wenu? Huku walipata mafuta 1966, saruji na nondo zikachukua nafasi.

Mwanaisha_Lamu: Kwetu serikali ilipiga marufuku kusafirisha nje mwaka 1982. Babu alihamia kwenye samaki. Boriti za kuuza humuhumu nchini ziliendelea.

Mwandishi: Nikienda tena nitapima upana wa chumba kwa hatua nikuletee, uniambie babu angeiita boriti ya aina gani.

TikToka_Original: Naweza kwenda laivu kwenye abra?

Mwandishi: Maji na majahazi, rekodi utakavyo. Uso wa mtu bila ruhusa yake, hapana. Huku ni kosa la jinai, na mwanamke uliyemrekodi hahitaji kukubembeleza, anaita polisi. Geuza kamera.

Hellen_Busia: Mimi shida yangu si mahali. Ni kula peke yangu. Nikikaa mezani mwenyewe naona kila mtu ananiangalia.

Mwandishi: Dada Hellen, anza na kafeteria ndogo za Wahindi, Deira na Bur Dubai. Chai ya karaki ni dirhamu moja au mbili, unakunywa umesimama dirishani, paratha mkononi. Hapo karibu kila mtu yuko peke yake: dereva, mbeba mzigo, mwenye duka. Ukizoea kusimama, utakaa. Na ukitaka nyasi badala ya meza, Creek Park ni dirhamu 5 kwa kadi ileile ya Nol, beba chakula chako.

Hellen_Busia: Sawa, karaki nitaanza nayo Jumapili. Na nikiwa huko nataka kumpigia mtoto, simu ya WhatsApp inakataa kabisa.

Seku_wa_Quoz: Inakataa kwa wote, imezuiwa. Tumia Botim, programu ya kupigia simu, na huko nyumbani waiweke pia. VPN achana nayo, usiende kujieleza kwa mtu kwa sababu ya simu.

Mwandishi: Nakazia. Na iwekeni kabla hujafika kwenye maji, maana kuipakua kwa bando la ofu ni kulitupa bando.

Dogo_Makambako: Mkuu, sarafu za abra napata wapi? Mimi nina noti tu.

Mwandishi: Hili sasa ndilo swali. Nunua karaki kwa noti ya 5 kabla ya kufika gatini, chenji itakuja ya sarafu. Usimpe nahodha noti ya 100, atakurudishia ukishavuka, mbele ya watu wote, moja moja.