Kujifunza kuchora sura kwa rangi ya mafuta: nakili lulu ya Vermeer

Kwa anayeanza, picha nzuri ya kunakili ni ile ya msichana mwenye hereni ya lulu, kazi ya Johannes Vermeer ya mwaka 1665 hivi, iliyoko jumba la Mauritshuis, The Hague, Uholanzi. Ni ndogo, sm 44.5 kwa 39, rangi zake chache, na mwanga unatoka kushoto peke yake. Ichapishe kwa ukubwa huohuo mara mbili: ya rangi, na ya nyeusi na nyeupe. Hii ya pili ndiyo utakayoitazama zaidi.

Vuta marikani nzito kwenye fremu, ipake jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara mbili, kila tabaka likikauka piga msasa laini. Bila jeso kitambaa hunywa mafuta na mwisho huoza. Usiegemeze turubai, yaani kitambaa hicho kilichovutwa, kwenye kuta za chokaa za Mji Mkongwe, hasa masika, maana nyuma yake itaota ukungu.

Mafuta yawe ya kitani. Ya nazi, hata yawe safi vipi, hayakauki. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyaviringe pamoja: hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yaloweke majini.

Chora miraba ya sm 5 juu ya nakala na turubai, uhamishe sura kwa mkaa mwepesi. Kisha chukua amba, rangi ya udongo ya kahawia, iliyozimuliwa kwa tapentaini, uweke vivuli vyote. Penye mwanga futa kwa kitambaa. Fumba macho nusu ulinganishe na nakala ya nyeusi na nyeupe. Hapa usiwe na haraka hata kidogo: kama sura haijatokea kwa kahawia tupu ukiwa hatua tatu nyuma, rangi haitaiokoa.

Aliyezoea kuchora Tingatinga kwa rangi ya gloss atataka kuzungushia mstari. Auache. Tazama mwamba wa pua wa msichana huyu: baina yake na shavu la upande wa mwanga hakuna mstari wowote, ngozi imeungana, na bado pua unaiona.

Ngozi changanya mafungu matatu: mwanga (nyeupe, okra yaani manjano ya udongo, nyekundu kidogo), kati, na kivuli (amba, nyekundu, tone la ultramarini, yaani bluu iliyokolea). Nyeusi kwenye kivuli hufanya ngozi ipauke kama majivu. Yapake yakigusana, kisha pitisha brashi kavu kwenye maungio mara mbili tatu tu. Ukizidisha, yanakuwa tope.

Tabaka la kwanza liwe na tapentaini zaidi, yanayofuata mafuta zaidi. Ukigeuza, la juu hukauka mbele ya la chini na kupasuka. Amba hukauka upesi. Nyeupe huweza kuchukua wiki na zaidi. Gusa penye rangi nene: kidole kikinata, subiri.

Lulu iwe ya mwisho. Ni nyeupe nene juu kushoto, na kijivu laini chini, mwako wa ukosi mweupe wa msichana. Haina ndoano wala duara la kuizunguka. Vanishi ipake baada ya miezi sita.